Sura ya Saba: Kifumbu, Bomba na Ng'ombe

Katika nusu ya pili ya mwaka 1971, wapiga chapa watatu wa idara ya hataza ya Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T huko Murray Hill, New Jersey, walishinda kutwa wakichapa maombi ya hataza, wakiyasahihisha na kuyapanga kurasa. Kompyuta waliyoitumia, PDP-11, ilikuwa na diski moja tu ya nusu megabaiti. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako haingeenea humo. Kila baada ya saa chache kazi yao ilibidi ihamishiwe kwenye tepu ili diski ipate nafasi. Na kwenye mashine hiyo hiyo, saa zile zile, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiendelea kuujenga mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Ritchie alieleza baadaye kwamba kujaribu programu yoyote mpya kulihitaji uangalifu na ujasiri, kwa sababu kosa dogo tu lingeiangusha mashine nzima.

Nimeanza na wapiga chapa hao kwa makusudi. Nikitaja terminali, ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe, wengi hudhani nazungumzia mambo ya wahandisi na wavunjaji wa mitandao. Lakini PDP-11 ile ilinunuliwa kwa ahadi kwamba itatumika kuandaa maandishi, na wateja wake wa kwanza walikuwa makarani. Vyombo vilivyozaliwa humo ni vyombo vya herufi, maneno na mistari. Mhariri, karani wa masijala, mwalimu wa Kiswahili na mweka hazina wa kikoba wana haki navyo sawasawa na mhandisi.

Zamani hizo mtu alizungumza na kompyuta kwa teletaipu, mashine inayofanana na taipureta nzito iliyofungwa waya. Teletype Model 33, iliyotumika sana wakati ule, ilichapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi, na vibonye vyake vilitaka kidole chenye nguvu. Ndiyo maana amri zina majina mafupi ajabu: ls ya kuorodhesha mafaili, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta, wc ya kuhesabu mistari na maneno. Kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa jasho lililookolewa. Majina haya hukera kwa siku mbili tatu, kisha vidole vinayazoea kama vilivyozoea kuandika ujumbe kwenye simu. Sitayaorodhesha yote, mengine tutakutana nayo kazini.

Aliyeona mbali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Douglas McIlroy, mkuu wa idara waliyofanyia kazi Thompson na Ritchie. Tarehe 11 Oktoba 1964, miaka mitano kabla Unix haijaanza, aliandika waraka wa ndani uliosema programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukitaka kuyafanyia maandishi kazi nyingine, unafunga kipande kingine cha mpira, na maji yanaendelea kupita. Akawasumbua wenzake na wazo hilo miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1973 Thompson alikubali, akakaa usiku mmoja, akalitekeleza. Kesho yake watu wa idara ile walikuwa wakishindana kuunganisha programu zao, kila mmoja akimwonyesha mwenzake alichoweza kufanya kwa mstari mmoja.

Sisi tuna mfano ulio karibu zaidi kuliko mpira wa bustani. Mtazame mama anayepika wali wa nazi. Mbuzi hukuna. Nazi iliyokunwa inatiwa maji, inapita kwenye kifumbu, inakamuliwa, tui linashuka. Mbuzi haijui kama nazi hii ni ya wali, ya maharage au ya samaki. Kifumbu hakiulizi nani aliyekuna. Kila chombo kina kazi yake moja, kinapokea kilichofanywa na mwenzake na kupitisha mbele. Programu za Unix ziliundwa hivyo hivyo: mistari ya maandishi inaingia upande huu, mistari ya maandishi inatoka upande ule. Kiungo kati ya programu na programu ni alama ya bomba, ule mstari wima | ambao kwenye kibodi nyingi hukaa pamoja na mkwaju uliolalia nyuma. Nimeona watu wakiitumia kompyuta miaka 20 bila kukigusa kibonye hicho hata mara moja, na ndicho kibonye ninachokipenda kuliko vyote.

Mwaka 1986 wazo la bomba lilipimwa hadharani. Jon Bentley, aliyekuwa na safu yake katika jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa wanazuoni wakubwa kabisa wa sayansi ya kompyuta, aandike programu ya kusoma faili na kutaja maneno yanayojirudia zaidi humo, kila neno na idadi yake. Knuth aliandika programu ya ufundi wa hali ya juu, yenye maelezo yanayosomeka kama insha, ikajaza kurasa kadhaa za jarida. McIlroy akaombwa aihakiki. Aliusifu ufundi huo kwa moyo mweupe. Kisha akaweka chini yake amri sita zilizoungwa kwa mabomba, ambazo zilifanya kazi ile ile.

Tuzifuate nyayo zake kwa Kiswahili. Chukua hadithi uliyoandika mwenyewe, ihifadhi kama maandishi matupu, yaani herufi peke yake bila rangi wala mapambo, na uliite faili hilo hadithi.txt. Kisha andika:

tr -cs A-Za-z '\n' < hadithi.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | head -20

Ukiutazama kwa haraka, mstari huu unatisha. Usome kipande kwa kipande, kama unavyosoma shairi la bahari usiyoijua bado. Alama ya < inalimimina faili ndani ya programu ya kwanza, tr, ambayo kazi yake ni kubadili herufi kuwa herufi nyingine. Hapa imeambiwa: kila kisicho herufi ya alfabeti, iwe nafasi, nukta, koma au mabano, kigeuze kuwa mwanzo wa mstari mpya, na vikifuatana vingi vihesabu kimoja. Matokeo yake ni hadithi nzima iliyosimama wima, neno moja kila mstari. Tr ya pili inashusha herufi kubwa zote kuwa ndogo, ili "Watu" wa mwanzoni mwa sentensi na "watu" wa katikati wawe watu wale wale.

Inayofuata ni sort, nayo hupanga mistari kialfabeti. Hapo maneno yanayofanana yanajikuta yamekaa bega kwa bega, na hilo ni la lazima, maana uniq inayokuja baada yake haina kumbukumbu: hulinganisha kila mstari na ule uliotangulia tu. Ukisahau kupanga kwanza, uniq itakuambia "1 watu", mistari michache baadaye "1 watu" tena, na utaona kama mashine imepotoka. Ile -c inaiagiza iandike idadi pembeni ya neno. Sort ya mwisho inapanga upya, safari hii kwa idadi, kubwa juu. Herufi n ndani ya -rn inaiambia isome namba kama namba. Kwenye orodha ya kawaida ya namba, sort isiyo na n huweka 100 kabla ya 9, kwa kuwa 1 iko kabla ya 9, kama kamusi inavyopanga maneno. Head inakata mistari 20 ya kwanza na kuiacha mingine.

Juu kabisa ya orodha utaona na, ya, wa, kwa, ni. Maneno haya madogo ndiyo misumari ya jengo, na kila mwandishi huipigilia kwa namna yake. Hesabu ya misumari hiyo imewahi kumaliza ubishi mkubwa, nitaueleza baada ya kurasa mbili. Kwanza kuna ng'ombe wa kushughulikia.

Mara ya kwanza nilipoipitisha amri hii kwenye maandishi yangu ya Kiswahili, faili lilikuwa la masimulizi ya wafugaji. Ndani ya orodha, tena juu, nikakuta neno "ng". Nikadhani ni kosa la uchapaji. Nikaondoa head ili niione orodha yote, nikakuta "ombe" kwa wingi, nikakuta "ambo", na nikakuta "oa" mara nyingi kuliko nilivyokumbuka harusi katika masimulizi yale. Nilikaa kidogo kabla sijaelewa. Ng'ombe wote walikuwa wamekatwa vipande viwili. Ng'ambo imekuwa ng na ambo. Na kila mahali mtu alipong'oa kitu, mti au jino, kompyuta ilihesabu ndoa.

Kosa halikuwa la kompyuta. Amri ya McIlroy ilitungwa kwa Kiingereza, ambako kitone kile cha juu hukaa pembeni mwa neno, na ukikitupa hupotezi kitu kikubwa. Kwetu kitone hicho ni sehemu ya herufi. Bila kitone, ng'oa si neno lile lile tena. Basi tunakiongeza katika orodha ya herufi halali:

tr -cs "A-Za-z'" '\n'

Ukiipitisha tena, ng'ombe wanasimama mzimamzima, na ndoa zinarudi kwenye idadi yake. Mabadiliko ni kitone kimoja na nukuu mbili za kukizungushia. Ninapofundisha vijana, hapa ndipo huwa nakaa kirefu kuliko pengine pote, kwa sababu hapa mtu hugundua kwamba chombo kilichotengenezwa New Jersey kinaweza kufundishwa sarufi ya Kiswahili, na mwalimu ni yeye.

Kuna balaa la pili la kitone, nalo ni la kificho zaidi. Programu nyingi za kuandikia nyaraka hukibadilisha kitone kilichonyooka kuwa kile kilichopinda, ’, bila kukuuliza. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, na ng’ombe wako anakatwa tena. Ili kuelewa sababu, inabidi turudi nyuma hadi mwaka 1963.

Mwaka huo Marekani ilitoa mpangilio wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake. Nafasi zilikuwa 128 tu, na Wamarekani walijitosheleza humo. Wafaransa hawakutosheka, kwa kuwa herufi zao zina alama juu. Wagĩkũyũ na Wakamba hawakutosheka, kwa kuwa ĩ na ũ hazikuwamo, na kwao i na ĩ ni sauti mbili. Kiswahili kilienea chote. Hatuna kofia juu ya herufi wala mkia chini yake, hatutumii q wala x, c yetu haitembei bila h, na kitone cha ng' kilikuwamo. Tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930 haikuwa na habari na kompyuta, lakini ilituweka tayari kwa mashine ambazo hazikuwa zimezaliwa. Lugha nyingi za dunia zilisubiri miongo kabla ya kuandikwa sawasawa kwenye kompyuta. Yetu, kwa maandishi yake ya Kilatini, haikuhitaji kusubiri hivyo. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja bahati hiyo, na ni bahati kubwa.

Waliosubiri walifikiwa mwaka 1992. Jioni moja ya Septemba, kwenye mkahawa mmoja huko New Jersey, Ken Thompson yule yule pamoja na mwenzake Rob Pike walichora juu ya karatasi ya kutandikia sahani mpangilio mpya uitwao UTF-8. Mpangilio huo una nafasi ya ĩ na ũ, ya herufi za Kiarabu walizoandikia wazee wa pwani tenzi zao, na ya maandishi ya karibu dunia nzima. Uzuri wake ni kwamba haukuzigusa zile namba 128 za mwanzo. Faili lolote la ASCII ni faili halali la UTF-8. Barua ya Kiswahili iliyochapwa kwenye kompyuta mwaka 1975 kwa ASCII, kama tepu yake ingali hai, inasomeka leo bila kubadilishwa kitu.

Kitone kilichonyooka kimo ndani ya zile 128, nacho huchukua baiti moja. Kilichopinda kimo nje, huchukua baiti tatu. Na tr iliyomo kwenye Linux husoma baiti moja moja, kwa hiyo mbele ya kitone kilichopinda huona vipande vitatu vya kitu isichokijua. Dawa ni kuongeza kipande kimoja cha mpira mwanzoni mwa bomba:

sed "s/’/'/g" hadithi.txt | tr -cs "A-Za-z'" '\n'

Sed iliandikwa na Lee McMahon, mtu wa Bell Labs vile vile. Hupitia mistari na kubadilisha unachotaka: s ni badilisha, mikwaju hutenganisha cha zamani na kipya, g ni kote mstarini, usiishie cha kwanza. Makarani wenye orodha za namba za simu wataipenda zaidi ya wahariri. Namba zilizoandikwa nyingine kwa 0 mwanzoni, nyingine kwa +255, nyingine kwa 255, na nafasi zimetapakaa kati, hunyooshwa zote kwa mstari mmoja:

tr -d ' ' < namba.txt | sed -E 's/^(\+255|0)/255/'

Tr inafuta nafasi, na sed inatazama mwanzo wa kila mstari, ambao ndio maana ya ^, ikikuta +255 au 0 inaweka 255. Iliyokwisha kuwa sawa inaachwa kama ilivyo. Kazi ya siku nzima ya macho na kalamu inakwisha kabla chai haijapoa.

McMahon huyo ndiye aliyesababisha chombo kingine kinachotumika sana. Alikuwa akichunguza Federalist Papers, makala 85 zilizoandikwa Marekani mwaka 1787 na 1788 kuwashawishi watu waikubali katiba mpya. Waandishi walikuwa watatu, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, lakini wote walitia sahihi moja, Publius, na kwa makala 12 ubishi wa kama ni za Hamilton au Madison ulidumu zaidi ya karne. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha kitabu kilichoumaliza ubishi huo kwa njia ile ile ya misumari: hawakuhesabu maneno mazito ya siasa, walihesabu yale madogo. Hamilton alipenda kuandika "upon", Madison karibu hakulitumia kabisa. Makala zenye ubishi zikaangukia kwa Madison.

McMahon alitaka kutafuta maneno ndani ya maandishi hayo, na hayakuweza kuenea ndani ya kihariri cha Unix kwa ukubwa wake. Thompson alikikata kipande cha kihariri hicho kinachotafuta, akakifanya programu inayojitegemea. Ndani ya kihariri amri ya kutafuta ruwaza popote na kuchapisha mistari yake iliandikwa g/re/p, na jina likabaki hivyo: grep.

Kwa Kiingereza grep ni chombo kizuri. Kwa Kiswahili, naamini ni chombo kizuri zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie nikaribie kidogo. Kitenzi cha Kiingereza hubadilika mwishoni, tena kidogo. Chetu hubeba mzigo mbele na nyuma: anasoma, walisoma, tutasomesha, nimesomewa. Ukitafuta "soma" kwa kisanduku cha kawaida cha kutafutia, unakosa somewa na somesha. Ukitafuta "som" unapata yote, pamoja na masomo, msomi na Wasomali, ambao hawahusiki. Lakini mwalimu wako wa sarufi alikufundisha tangu zamani mpangilio wa viambishi: nafsi, njeo, mzizi, kisha mnyambuliko. Grep inaelewa lugha hiyo hasa:

grep -oE '\b(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)som[a-z]*' hadithi.txt

Mabano ya kwanza ni nafsi, na mstari wima ndani yake husomeka "au". Mabano ya pili ni njeo. Som ni mzizi. Kilichobaki kinaruhusu herufi zozote za mnyambuliko, na \b inataka neno lianzie hapo, lisidandie katikati ya jingine. Herufi o inaagiza lichapishwe neno lenyewe bila sentensi nzima. Ukitaka virejeshi, kama aliyesoma na waliosoma, ongeza (ye|o)? baada ya njeo. Alama ya kuuliza maana yake kiambishi hicho kinaweza kuwapo au kutokuwapo. Ukitaka yambwa, kama anakisoma na waliyasoma, utajua mwenyewe mabano yake yakae wapi. Nimewahi kumwona mwalimu mstaafu wa Kiswahili akiutazama mstari huu kwa mara ya kwanza. Alivaa miwani, akaufuata kwa kidole, akasema, "Mwanangu, huu si ni uchanganuzi wa kitenzi?" Ndio wenyewe. Alikuwa ameufundisha ubaoni maisha yake yote, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kompyuta inaujua.

Kuna waliokwisha kufanya kazi hii kwa upana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza katika miaka ya 1980 kujenga programu inayochanganua maneno ya Kiswahili, na huko huko umekusanywa mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili wa takriban maneno milioni 25, magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge. Namheshimu sana kwa kazi hiyo. Pamoja na heshima hiyo, naona uchungu kwamba mtu anayetaka kujua neno fulani la Kiswahili linatumika mara ngapi huelekezwa Finland, ilhali vyombo vya kuhesabia ni bure, maandishi tunayo, na sarufi tumeinyonya na maziwa. Mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bukavu anayeandika tasnifu kuhusu riwaya moja anaweza kuhesabu riwaya hiyo jioni moja. Asikubali kuambiwa hadi apate programu ya kulipia.

Wala asikubali kuambiwa hadi apate kompyuta mpakato. Kwenye simu ya Android kuna programu ya bure iitwayo Termux, na ndani yake tr, sort, uniq, sed na grep zote zinafanya kazi kama nilivyoziandika hapa. Maandishi ni mepesi: riwaya nzima kama maandishi matupu haifiki uzito wa picha moja. Mwenye Mac ana terminali tayari, ingawa sed na grep zake zinatofautiana kidogo na za Linux katika mambo madogo. Mwenye Windows anaweza kuweka Linux ndani yake.

Limebaki jambo moja la hatari, na nimeliacha mwisho ili ulikumbuke. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii, ofisi niliyofanyia kazi ilikuwa na orodha ya wakulima, mistari zaidi ya 3,000, waliyoichapa dada wawili wa masijala kutoka kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa. Niliombwa niipange kialfabeti. Nikajua amri yake, nikaandika:

sort wakulima.txt > wakulima.txt

Nikabonyeza, nikafungua faili. Lilikuwa tupu. Si lililoharibika, tupu kabisa, baiti sifuri. Alama ya > inamaanisha "mimina humu", na kompyuta huandaa chombo cha kumiminia kabla ya kuianzisha programu. Kukiandaa ni kukimwaga kilichomo. Sort ilipokuja kulisoma faili haikukuta hata mstari mmoja. Hakukuwa na nakala nyingine. Nilikwenda masijala nikawaeleza. Mkubwa wao alinyamaza kwa muda, akavuta daftari la kwanza, akasema, "Kaa, mdogo wangu. Wewe soma, mimi nachapa." Ilituchukua siku nane.

Njia salama ya kupanga faili ndani ya faili hilo hilo ipo, nayo ni sort -o wakulima.txt wakulima.txt. Ijue, itumie. Lakini terminali haina kikapu cha taka kama skrini yenye vitufe. Rm ikifuta imefuta, na > ikimwaga imemwaga. Kwa hiyo leo, ukishafungua terminali na kabla hujajaribu lolote kati ya hayo niliyoandika katika sura hii, amri yako ya kwanza iwe hii:

cp hadithi.txt hadithi-asili.txt